Jiko langu Lamu limenizidi: kazi ipi namwachia mtu, na namwachiaje?

JikoLangoni

Assalaam alaykum, ndugu na dada zangu.

Nina jiko la biashara Langoni, Lamu. Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni sambusa, viazi karai na kachori. Katikati yake kuna maagizo ya shughuli: arusi, hitima, wageni wa hoteli. Ikifika Mfungo Sita na mji ukajaa watu wa Maulidi ya Riyadha, hata kulala ni kwa zamu.

Watu wangu ni wanne. Mpishi wa mahamri ni mama mtu mzima, kwenye karai hana mpinzani. Binamu yangu, mtoto wa mamangu mdogo, anauza na kupokea pesa. Kuna msichana wa kukunja sambusa, na kijana mwenye punda anayetoa mizigo gatini na kupeleka maagizo.

Sasa hoteli moja ya Shela yataka sambusa kila siku kwa msimu wa Julai na Agosti, na wakiridhika tuendelee Disemba. Kazi naitaka sana. Tatizo ni kwamba hakuna linalokwenda bila mimi. Nikivuka Mokowe, upande wa bara, kupokea unga na mafuta yaliyoletwa na lori, simu haikai kimya: "Nazi zimekuja ndogo, tuchukue?" "Gesi imebaki kidogo." "Mgeni ataka risiti." "Ami fulani amechukua mahamri kumi, asema utajuana naye." Nikirudi nakuta mambo yananisubiri vile vile nilivyoyaacha.

Najua kuna atakayesema ajiri meneja. Jiko langu halijafika pa kumlipa meneja. Nauliza jingine: katika kazi hizi, ipi huachiwa mtu mwanzo, ipi haiachiwi, na unaiachaje bila ya kumtia mtoto wa watu majaribuni wala kugombana na ukoo mzima? Wenye maboti, maduka, nyumba za wageni, karibuni. Wa Malindi pia.

DukaMajengo

Wa Malindi huyu hapa. Pesa usimwachie mtu. Yote mengine achia.

NahodhaShela

Huyo wa Majengo ana lake moyoni, tutamrudia.

Dada, zitazame tena hizo simu ulizoziandika. Hakuna hata moja iliyopigwa na mtu asiyejua kazi. Binamu yako anajua nazi ndogo ni ndogo. Aliyeona gesi inakwisha anajua inauzwa wapi. Wanachokosa ni ruhusa. Umewaachia kazi, uamuzi umeufunga kwenye leso ukavuka nao Mokowe.

Mimi nina mashua mbili za kutembeza wageni: Manda Toto kwa wanaotaka kuogelea, magofu ya Takwa, na safari ya jioni jua likichwa. Siwezi kushika usukani wa zote mbili, kwa hiyo sikuwa na hiari. Wala si jambo geni pwani hii. Mwenye chombo hukaa nchi kavu, nahodha akatoka nacho. Wavuvi wakirudi, mapato hugawanywa mafungu: la chombo mbali, la nahodha mbali, na ya mabaharia. Zamani mwenye chombo hakuwa na simu ya kumuuliza nahodha kama ameshusha tanga. Alikuwa na makubaliano kabla ya kung'oa nanga na hesabu baada ya kurudi. Hapo katikati mwenye neno ni nahodha.

Kwangu mimi bahari ni yao. Nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki, hata kama mgeni keshalipa. Mwezi wa sita na wa saba kusi ikikaza, huko nje si mahali pa kubembelezana na hoteli. Mgeni hununa, nami narudisha pesa zake. Nikimtengua nahodha mbele ya mgeni mara moja tu, kesho hataamua tena jambo. Atanipigia mimi niseme bahari ikoje nikiwa kitandani.

Matumizi madogo ni yao pia, mpaka shilingi 2,000: petroli ya injini, kamba, plagi. Haniulizi. Jioni ananionyesha risiti, na pasipo risiti ananipa picha ya simu. Ikizidi 2,000 anapiga. Watu waliniambia wataila hiyo 2,000 kila siku. Hawaili. Mtu akishajua mpaka wake huwa mwangalifu, kwa sababu anajua jioni ataulizwa yeye, sio mimi.

Na bei ya chini kabisa namtajia mwanzo wa msimu. Juu yake auze anavyoweza.

Kwa hiyo swali lako la "kazi ipi" naliona la pili. La kwanza ni: uamuzi upi, na mpaka kiasi gani.

MfanyakaziTu

Mimi si mwenye biashara, ni wa kuajiriwa, nakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa hapa Lamu. Niruhusuni niseme ya upande wa huku.

Tajiri wangu ni mtu mwema, hilo nalitanguliza. Lakini ana tabia ya kunipa kazi kisha kuichukua njiani. Aliniambia bei ya chumba nielewane na wageni mwenyewe. Nikaelewana na mgeni, mgeni akampigia yeye, naye akampunguzia zaidi. Habari hizo huenea. Mgeni wa pili aje kwangu afuate nini? Siku hizi mtu akiniuliza bei nampa nambari ya tajiri, na tajiri alalamika kwamba sijitumi.

Anachosema nahodha hapo juu kuhusu kutotengua, mkikumbuke. Kama uamuzi wa mfanyakazi haukukupendeza, ukubali leo, umwite jioni mkiwa wawili, mbadilishe kanuni kwa kesho. Ukiutengua mbele za watu umejirudishia kazi yote.

Halafu dada, lile la ami umeliweka mwisho kana kwamba ni dogo. Kwangu mimi ndilo kubwa kuliko nazi na gesi. Binamu yako ni msichana, sio? Ami anasimama mbele ya meza, anachukua mahamri, anakwenda zake. Amwambie nini? Akimkatalia, kabla ya adhuhuri mamake ameshaambiwa kwamba mtoto hana adabu. Asipomkatalia, hesabu ikipungua ni yeye. Hapo hujampa pesa kushika, umempa lawama.

JikoLangoni

Ni msichana, ndiyo. Na umesema kweli tupu, maana juzi alilia na mimi nikadhani ni uchovu.

Ami mwenyewe simlaumu. Ndiye aliyenisaidia kupata lile jiko. Lakini nyuma yake wako wengine ambao hawakunisaidia chochote, nao wachukua vile vile kwa sababu wamemuona yeye.

DukaMajengo

Weka ubao: LEO PESA KESHO MKOPO. Umemaliza.

MfanyakaziTu

Ubao huo uko kwenye maduka yote ya pwani na mikopo iko vile vile.

MzeeMkomani

Binti yangu JikoLangoni, salaam. Mimi nami ni ami wa watu, na mahamri ya watoto wa ndugu zangu nimeyala bila ya kulipa. Basi chukua maneno haya kutoka kwa mshtakiwa.

Ubao hausomwi na mzee. Mzee huona umewekewa wageni. Na kumsimamisha kijana mbele ya mzee amzuie mkono, hilo hapa kwetu halifai, hata kama kijana ana haki. Neno hilo litoke kwako wewe mwenye jiko, na litoke nyumbani, si mezani. Nenda kwa ami yako jioni, kaa, kunywa kahawa, mwambie: "Ami, mahamri yako yatakuja nyumbani kila asubuhi, sitaki uje kusimama na watu." Kisha umtumie kijana wa punda na sahani iliyofunikwa kawa. Mahamri manne, matano, na bakuli la mbaazi. Mzee aliyeletewa nyumbani haji tena mezani, tena ataona umempa heshima kuliko zamani. Nawe unajua kila siku zinatoka ngapi.

Hizo zihesabu kwenye mfuko wako, si kwenye mauzo ya binamu. Sadaka ni yako wewe, yeye asiichangie kwa lawama.

DukaMajengo

Na akija ami wa nane?

MzeeMkomani

Wa nane analipa.

JikoLangoni

Mzee wangu, shikamoo. Hili la sahani nyumbani halikunijia kabisa. Wanaostahili kwa kweli ni wawili, ami na mke wa marehemu babu yangu mdogo. Wengine nitawaambia mwenyewe kwamba hesabu ya meza si yangu tena. Na kweli haitakuwa yangu.

DukaMajengo

Naona nimefanywa mkorofi wa uzi huu, basi nieleze.

Nilikuwa na kijana dukani, mwaminifu, mwenye kuswali, hesabu za jioni zikija sawa kila siku. Hakuwahi kuniibia shilingi. Alichofanya ni kununua sukari na mchele wake kwa jumla, akaviweka kwenye rafu zangu, akauzia wateja wangu. Nilipohesabu mali, mali yangu ilikuwa kamili. Hakika ilikuwa kamili, kwa sababu haikuwa ikiuzwa! Kilichonifungua macho ni mwenye jumla kuniuliza mbona siku hizi sukari siagizi.

Ndiyo maana nasema pesa usiache. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari nilikuwa nalo. Lilikuwa la pesa tu.

NahodhaShela

Pole. Lakini leo umeandika humu asubuhi, mchana na jioni. Duka amelishika nani?

DukaMajengo

Shemeji yangu. 😄

Haya, nitasema ninavyofanya sasa. Pesa zapita mikononi mwake, hazikai. Wanaolipa kwa simu wanalipa kwenye till ya Lipa na M-Pesa, yeye aona ujumbe tu kwamba imeingia. Za taslimu zinahesabiwa mara mbili: saa saba mchana, anapokea mwenzake, na wakati wa kufunga. Ya mchana ndiyo muhimu. Ukihesabu usiku tu, pakitokea upungufu hujui ni wa asubuhi au wa jioni, unaanza kushuku watu wote.

Anayeagiza bidhaa si anayepokea. Yeye aandika alichoagiza, mimi au mke wangu tunapokea na kulinganisha. Na bidhaa zile zinazotoka sana, sukari, mchele, mafuta na unga, nahesabu kila wiki nikilinganisha na zilizonunuliwa. Dukani mna mamia ya vitu, lakini ukivishika hivyo vinne umelishika duka.

Na upungufu ukitokea nakata mshahara, hakuna maneno.

MhasibuMalindi

Hapo pa mwisho ngoja kidogo ndugu yangu wa Majengo, nitarudi jioni na sheria.

MamaShughuli

Wanangu, mnazungumza pesa na mimi nangoja mtu azungumze chakula. Napika shughuli hapa Malindi tangu wengi wenu hamjazaliwa, na wako wasichana niliowafunza ambao leo wananinyang'anya kazi, kwa hiyo kuachia najua.

Huyo mama wa mahamri anapima kwa mkono, sivyo? Akiumwa siku moja, biashara imefungwa. Usimuulize "unatia iliki kiasi gani". Atakwambia kiasi. Hafichi, mkono ndio unaojua. Fanya hivi: nunua mizani ya jikoni. Pima mkebe wa iliki kabla hajaugusa, mwache apike kama kawaida, kisha upime tena. Kilichopungua ndicho alichotia. Vivyo hivyo hamira, sukari, na tui. Rudia mara kadhaa, maana siku ya baridi atatia hamira zaidi na siku ya joto atapunguza, nawe utaiona tofauti hiyo kwenye karatasi. Halafu pima donge moja kabla halijasukumwa. Hapo sasa una mahamri yanayoweza kupikwa na mwingine yakatoka sawa sawa.

Lakini mwombe ruhusa kwanza! Ukimpimapima mama wa watu bila ya kumwambia atadhani unamtafutia mtu wa kumrithi angali hai. Mwambie yeye ndiye atakayemfunza huyo wa pili, na umwongeze kitu kwa kufunza. Usipomwongeza hatafunza. Nami nisingefunza.

Shughuli ni mbali. Pilau ya watu mia tatu usimwachie mtu kwa karatasi. Mimi hukadiria kilo ya mchele kwa watu saba au wanane, lakini arusi ya watu gani, saa ngapi, kuna biriani pia au hakuna, hayo huyajua mwenye kuzungumza na wenye shughuli. Mazungumzo hayo yabaki kwako mpaka binamu awe amekaa nawe kwenye mengi.

JikoLangoni

Shikamoo Mama. Nitaanza na mizani. Na kwa sambusa? Hizo ndizo hoteli inazozitaka.

MamaShughuli

Marahaba. Sambusa huharibikia kwenye nyama, si kwenye mkunjo. Nyama ikiwa ya moto au ina maji, manda hulowa na sambusa hupasuka kwenye mafuta. Msichana wa kukunja utamgombeza bure.

SeremalaAmu

Nataka kukazia hilo la Mama. Mimi nachonga milango. Huwezi kusimama nyuma ya kijana mwenye patasi siku nzima, utamtetemesha mkono tu. Nakagua sehemu mbili. Kwanza, nakshi ikishachorwa kwenye ubao na kabla haijaguswa, kwa sababu mbao ya mbambakofi ni ghali na kosa la mchoro halifutiki. Pili, kabla ya kutia mafuta. Katikati nakaa mbali. Zamani nilikuwa nakagua kila mara, na vijana wakawa hawajikagui wenyewe, wananingojea mimi nione.

Kwako wewe naona pa kukagua ni nyama ikishapoa kabla ya kukunjwa. Onja, tazama kama imekauka, ondoka. Wakishazoea, aonje binamu.

NahodhaShela

Na usiwapelekee Shela zilizokaangwa. Kutoka Langoni mpaka hotelini zimeshalainika. Wapelekee mbichi kwenye barafu, jikoni mwao wakaange wenyewe, mkubaliane hivyo tangu mwanzo.

Jingine: kijana wa punda mpe nauli ya boti mkononi. Maji yakijaa njia ya ufukweni ya Shela huwa shida, na mzigo wa barafu haungoji maji yatoke. Aamue mwenyewe apande boti au aende na punda. Usimfanye akupigie simu kuuliza kuhusu maji ambayo yeye anayaona na wewe huyaoni.

MhasibuMalindi

Nimerudi. Naweka vitabu vya biashara ndogo ndogo Malindi na Watamu, na haya ndiyo ninayokuta watu wameyaruka.

Kukata mshahara kwa upungufu wa pesa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu, lakini kwa masharti. Upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi huyo, na mkataba wake uwe umesema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Ukimweka mtu mezani kwa maneno ya mdomo halafu umkate, akikushtaki huna pa kusimamia. Na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. DukaMajengo, shemeji yako ana mkataba?

Kwa hiyo dada, ukimwachia binamu pesa, iandike. Si kwa kumtisha. Karatasi hiyo ndiyo inayosema yake ni yapi na yapi si yake, na mahamri ya ami hayamo. Mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi sheria inautaka uwe wa maandishi. Na kijana wa punda unayemlipa kwa siku, akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa wa mwezi. Kila mmoja ana siku moja ya mapumziko katika siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi akitimiza mwaka. Hilo la likizo wenye biashara huliona mzigo, mimi naliona kipimo: binamu akienda likizo na jiko likasimama, bado hujaachia, umehamisha tu.

Makato ya kila mwezi: NSSF, ya akiba ya uzeeni, asilimia 6 ya mshahara yake na 6 yako; SHIF, ya bima ya afya, asilimia 2.75 yake na isipungue shilingi 300; ushuru wa nyumba asilimia 1.5 yake na 1.5 yako. Mshahara usiozidi 24,000 kwa mwezi hauna PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kwa sababu ya nafuu ya kodi ya 2,400. Yapelekwe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kazi hii unaweza kumwachia mtu wa nje kama mimi kwa ada ndogo, na wengi wanapaswa kuanzia hapo, maana haihitaji mtu awe jikoni.

Hoteli itakutaka ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, watu wa kodi. Binamu anaweza kuitayarisha. Nywila ya KRA ibaki kwako, kama PIN ya M-Pesa.

Na vyeti vya afya vya washika chakula, kila miezi sita, kwa kila anayegusa chakula pamoja na wewe. Mpe msichana wa kukunja jukumu la kukumbusha tarehe. Ni jambo dogo, na likisahauliwa hoteli inaweza kukataa mzigo gatini.

DukaMajengo

Shemeji hana mkataba. Nitakuja ofisini kwako.

MfanyakaziTu

Mhasibu, ongeza na hili: ukimwongezea mtu kazi mwongeze na mshahara. Kuachia kazi kusiwe jina zuri la kumbebesha mtu mbili kwa bei ya moja.

MhasibuMalindi

Hilo halimo kwenye sheria lakini limo kwenye vitabu vya kila biashara niliyoona wafanyakazi wake hawakai.

JikoLangoni

Nimeyasoma yote, mengine mara mbili. Nitafanya hivi.

Asubuhi yote naiacha kwa binamu. Nazi, gesi, maziwa, chenji, mteja aliyerudisha kitu, yote yake. Mpaka shilingi 1,500 kwa siku haniulizi. Kukataa mzigo mbovu haniulizi kwa kiasi chochote. Nitapiga simu mimi, mara moja baada ya alasiri, na kabla ya hapo asinipigie ila kwa moto, ugonjwa au afisa wa kaunti. Mshahara wake unapanda kuanzia mwezi ujao, nimeshamwambia, na safari hii kulia kwake hakukuwa kwa uchovu.

Maagizo ya Shela ni ya kijana wa punda tangu yatokapo jikoni mpaka sahihi ya mpokeaji kwenye daftari. Nauli ya boti anayo.

Yanayobaki kwangu: kuzungumza na wenye shughuli, mishahara, nywila, na kuonja nyama mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Pesa za taslimu zitahesabiwa adhuhuri na wakati wa kufunga, kama alivyosema wa Majengo. Kwa ami nimeshakwenda. Alisema mahamri yaje mapema kabla hajatoka, na mbaazi ziwe nyingi.

DukaMajengo

1,500 ni nyingi. Anza na 500.

NahodhaShela

Mtungi wa gesi wa 500 unauzwa wapi?

DukaMajengo

Basi gesi iwe mbali, na mengine 500.

JikoLangoni

Nitabaki na 1,500 mpaka Agosti, kisha nitazame daftari limesema nini. Binamu mwenyewe ndiye aliyechagua kiasi hicho. Nilimuuliza kwa wiki ya kawaida hutoka ngapi kwa vitu vya ghafla, akanitajia kimoja kimoja. Kumbe alikuwa akihesabu siku zote.

Swali la mwisho kwa mhasibu. Mama wa mahamri hajui kusoma kwa herufi za kizungu, asoma Kiarabu tu. Nimemwandikia karatasi ya kazi yake na nyongeza ya kufunza. Naye yafaa aweke sahihi?

MhasibuMalindi

Yafaa. Sheria inakubali alama ya kidole gumba badala ya jina, na inakutaka umwelezee mkataba kwa lugha anayoielewa. Msomee mbele ya mtu mwingine asiyekuwa wa jikoni, aweke kidole au aandike jina lake kwa herufi anazozijua, na nakala moja abaki nayo yeye. Uandike kwa Kiswahili tangu mwanzo, hakuna anayekulazimisha Kiingereza.

JikoLangoni

Basi ni Jumamosi baada ya kazi. Shahidi nitamwomba mwalimu wa madrasa jirani. Ahsanteni nyote, na Mama, karibu Lamu Mfungo Sita.

MamaShughuli

Nikija nitakaa nile. Sipiki.